Karanga za Tunduma na tani moja ya maji

Mjadala wa karanga zinazotoka Zambia na Malawi kupitia Tunduma na Kasumulu huendeshwa kana kwamba sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye karanga na nafaka, ni mgeni anayevuka mpaka akiwa na begi lake, na kwamba tukifunga geti tutakuwa salama. Wanaotaka zizuiwe wana hoja mbili, na hakuna iliyo ya kubeza. Ya kwanza ni bei: mkulima wa Songwe au Chunya anayevuna huku ada ya shule ikimsubiri hawezi kufurahia kuona malori ya karanga za nje yakimtangulia sokoni. Ya pili ni afya, kwa kuwa sumukuvu ikishaingia kwenye punje haitoki kwa kuanika, na kikaango hakiimalizi. Unga wa lishe wa watoto wetu husagwa na karanga hizohizo.

Lakini mahindi yaliyoua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016 yalikuwa yamehifadhiwa humuhumu majumbani mwetu, wala hayakupita mpaka wowote. Na Kenya ilipozuia mahindi yetu Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, sisi ndio tuliosema tumeonewa. Siku chache baadaye zuio lilibadilishwa kuwa sharti la cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa swali la haki zaidi: mzigo huu uko katika hali gani, badala ya kuuliza umetoka kwa nani.

Hali ya mzigo wa karanga huamuliwa kwanza na unyevu. Punje iliyokaushwa hadi asilimia 7 hivi hustahimili ghala la kawaida. Ikifika asilimia 10, ukungu huwa umekaribishwa, unachosubiri ni joto tu. Sasa tazama namna karanga zinavyobanguliwa. Katika vijiji vingi vya Malawi na Zambia, kama ilivyo kwetu pia, ganda hunyunyiziwa maji ili lilainike, kwa sababu kazi ni ya vidole vya kina mama na ganda kavu huchubua. Hakuna hila katika hilo. Hila huanza kwenye mizani, ambako maji yale hayatenganishwi na karanga.

Nimeipiga hesabu hii mara kadhaa na kila mara hunisumbua. Tani 30 za karanga zenye unyevu wa asilimia 7 zina tani 27.9 za karanga kavu kabisa, na zinazobaki, tani 2.1, ni maji. Karanga zilezile zikiwa na unyevu wa asilimia 10 zitakuwa na uzito wa tani 31. Tani moja nzima ya maji imeuzwa kwa bei ya karanga, imelipiwa usafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam, na ndiyo itakayoharibu zile nyingine 30. Mkulima anayekausha vizuri hupoteza uzito na halipwi chochote kwa jasho lake. Ukimlaumu mwingizaji peke yake, umemlaumu mtu wa tatu au wa nne katika mnyororo ambao kila mmoja analipwa kwa kutokukausha.

Kisha kuna safari yenyewe, ambayo wanaobishana juu ya mpaka ni nadra kuitaja. Lori hupakiwa Tunduma mchana wa jua na kufunikwa turubai. Usiku hulala Makambako au Mafinga, na yeyote aliyewahi kulala huko mwezi Julai anaijua baridi yake. Mvuke unaotoka kwenye punje hupanda, hukutana na turubai lililopoa, na asubuhi dereva akilifunua hulikuta limelowa upande wa ndani, huku viroba vya juu vikiwa na madoa ya matone. Kutoka hapo gari hushuka Kitonga na kuingia kwenye joto. Karanga za katikati ya shehena bado zina ubaridi wa nyanda za juu. Zikifunguliwa kwenye hewa nzito ya pwani, zinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kuviacha viroba vimefunikwa hadi vipate joto la mahali, kisha kuvipanga juu ya chaga mbali na ukuta, hakuhitaji mtaalamu. Ila karanga zilizopakiwa kavu zina maji machache ya kutoa tangu mwanzo, na huo ndio ugomvi wangu na wanaosubiri kila kitu kipimwe maabara.

Maabara ina nafasi yake, bila shaka. Shida ni kwamba sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache mbovu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na ndiyo maana Ulaya hudai sampuli kubwa, hadi kilo 20 zilizokusanywa sehemu nyingi za shehena. Kiganja kimoja kilichochotwa kwenye kiroba cha juu hakithibitishi kitu. Zuio kamili nalo tunajua litakakoishia. Kati ya Nakonde, upande wa Zambia, na Tunduma njia za panya ni nyingi, na karanga iliyobebwa kwa baiskeli usiku haipimwi na yeyote.

Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma niliyemwona akinunua hakuwa hata na kipima unyevu. Alisugua punje kwa kidole gumba aone kama ngozi inapukutika, akaiuma asikie inavyovunjika, akakataa viroba sita. Aliyeviuza alivihamishia ghala la jirani, vikapimwa uzito na kununuliwa palepale. Hapo ndipo ningeweka nguvu ya serikali kabla ya kufikiria geti: kipima unyevu kando ya kila mizani, na kila kilicho juu ya asilimia 8 kikatwe bei au kirudi kuanikwa. Jua la Julai la Tunduma ni kali na hewa ni kavu. Gharama ni turubai, vibarua, na siku moja au mbili za kusubiri, ambazo mwenye lori la kukodi huzihesabu kwa shilingi.