Saa 125 za kumngoja maski

Kila mwaka barafu inapoanza kuyeyuka hapa Minnesota, mimi na ndugu yangu mmoja ninayevua naye tunarudia ubishi uleule: tumvulie wapi maski, samaki mkubwa wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini anayewinda samaki wenzake. Yeye anataka Mille Lacs, ziwa la ekari 132,000 hivi lililotoa maski mzito kuliko wote katika kumbukumbu za jimbo hili. Mimi nataka viziwa vya kaskazini, ambako siku nzima inaweza kupita usisikie mngurumo wa injini. Na kila mwaka hunijibu kwa maneno ya sungura na zabibu zake: sizitaki mbichi hizi. Kwamba anayesifia utulivu ni yule aliyeshindwa kumpata samaki mkubwa, sasa anatafuta pa kujificha.

Maneno hayo nimeyasikia kwa wavuvi wengi, Wamarekani na wenzetu wa Afrika Mashariki walioingia katika uvuvi huu, na yanaumiza kwa sababu yanageuza chaguo la kweli kuwa udhaifu. Lakini upande wa ndugu yangu una uzito, na nisipoutendea haki sitakuwa na haki ya kuutetea wangu.

Maski jike wa inchi 54, yaani sentimita 137, huwa ameishi miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 15. Hakui hivyo popote. Anahitaji maji mapana, yenye kina na baridi, na chakula chenye mafuta, hasa samaki aitwaye sisko. Anayemwinua samaki wa namna hiyo kwa sekunde chache juu ya maji ameshika kitu ambacho ziwa limekilea tangu mtoto wake mwenyewe alipokuwa tumboni. Kusema hilo ni kiburi tu si kweli.

Tena hamu hiyohiyo ya samaki mkubwa ndiyo iliyomwokoa maski. Katika kiangazi cha 1955, kwenye Leech Lake, maski walikula kama waliorogwa, na katika wiki chache wakatolewa zaidi ya 100. Picha zipo mpaka leo: wanaume wamesimama nyuma ya samaki waliotundikwa safu kwa safu, wote wamekufa. Mwaka 1966 wavuvi wa hapahapa Minnesota wakaanzisha chama cha Muskies, Inc., wakaanza kufundishana kumrudisha samaki majini akiwa hai. Walikuwa watu wa samaki wakubwa, si washairi wa misonobari. Walielewa kwamba samaki wa miaka 15 akishaliwa, hakuna wa kumrithi kesho. Tangu 2015 sheria ya jimbo hairuhusu kumchukua maski asiyefika inchi 54 katika maziwa mengi, na hata anayefika, wengi humrudisha. Mimi niliyezaliwa Ukerewe, ambako samaki hupimwa kwa kilo na kuishia jikoni, ilinichukua misimu miwili kuzoea kufungua vidole nikamwacha aende. Leo nawashukuru waliotangulia.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Kama wote wawili tunamrudisha samaki, tunarudi nyumbani na nini?

Wavuvi wa maski wana msemo wa zamani kwamba huyu ni samaki wa mirusho 10,000, yaani utarusha chambo mara 10,000 ndipo umpate mmoja. Watu huutaja wakicheka, kisha huupita. Mimi nimekaa nao. Msimu uliopita nilijipima kwa saa ya mkononi. Nikitumia chambo bandia kikubwa, nikakirusha, nikakivuta, kisha nikachora umbo la namba nane majini kwa chambo hichohicho kando ya boti, kumshawishi maski anayekifuata, napata mirusho 80 kwa saa. Mirusho 10,000 ni saa 125. Ukivua saa nane kwa siku, ni siku 15 na kitu. Kwa mtu wa zamu kiwandani au hospitalini, kama tulivyo wengi wetu huku, hiyo ni likizo nzima ya mwaka na pengine imepitiliza.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Maski akishakamatwa, mapambano huchukua dakika chache. Wavu, koleo, kutoa ndoana, picha moja, kumshikilia mkiani mpaka apige maji mwenyewe. Tuseme dakika tano. Dakika tano katika dakika 7,500. Hata ukisema msemo umetiwa chumvi, na kweli umetiwa, ukaukata nusu kwa ajili ya wavuvi hodari, bado ni saa 62 za kurusha na kuvuta bila kitu. Mtu anayechagua ziwa kwa ajili ya samaki amechagua kwa ajili ya zile dakika tano. Saa nyingine zote hajaziuliza atazikalia wapi.

Nami nimezikaa pande zote mbili, kwa hiyo nisimulie.

Novemba kwenye Mille Lacs: upepo unatoka kaskazini-magharibi, ziwa halina kisiwa cha maana cha kukukinga, na boti ya ndugu yangu inapanda na kushuka. Maji yanaganda kwenye pete za ufito wa kuvulia, kila mirusho michache unaziweka mdomoni kuyeyusha barafu. Vidole havisikii mshipi. Kiooni mwa sona, mtambo wa kutazama chini ya maji mbele ya boti, samaki anaonekana kama kijiti cha mwanga, na ndugu yangu hatazami maji tena, anatazama kijiti. Tulivua siku tatu na hatukuzungumza, kwa sababu injini na upepo havikuturuhusu. Yeye alimpata mmoja wa inchi 51. Nilifurahi naye kwa dhati, nikapiga picha nikitetemeka.

Septemba kwenye Ziwa Shoepack ni habari nyingine. Limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Voyageurs, kwenye rasi ya Kabetogama isiyofikiwa na barabara. Unavuka ziwa kubwa kwa boti, unaifunga, kisha unatembea msituni na mzigo mgongoni. Mtumbwi wako mwenyewe hauruhusiwi huko ndani. Hifadhi ina mitumbwi yake, unakodi mapema. Saa kumi na mbili asubuhi ukungu ulikuwa bado umelalia maji. Luni, ndege wa jimbo letu, alilia mara moja upande wa pili, na sauti ikazunguka ziwa zima ndipo ikamrudia. Nilirusha karibu na matete. Chambo kilipokaribia mtumbwi nikaona kivuli nyuma yake, kirefu kama mkono wangu, rangi ya maji ya chai. Nikachora nane mara moja, mara mbili. Alisimama chini ya ncha ya ufito, mashavu yakifunguka na kufunga, jicho likinitazama mimi na si chambo. Nilihesabu madoa ubavuni mwake. Kisha akashuka polepole, hakukimbia, mpaka nikawa natazama maji matupu.

Hakuwa na inchi 35. Wala sikumkamata. Ndugu yangu alipouliza nilipata nini, sikuwa na picha ya kumwonyesha.

Maski wa Shoepack wana historia ambayo nadhani kila mbishani wa jambo hili angepaswa kuijua. Ni kizazi cha asili cha ziwa hilo, wanakua polepole, na hawafikii ukubwa wa wenzao wa Leech Lake. Kwa miongo kadhaa idara ya maliasili ya Minnesota ilichukua mayai yao, ikakuza vifaranga na kuvipandikiza katika maziwa mengine ya jimbo. Wavuvi wakalalamika kwamba samaki hawakui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idara ikageukia kizazi cha Leech Lake, chenye kukua haraka na kufikia ukubwa zaidi, na hapo ndipo uvuvi wa maski wakubwa Minnesota ulipoanza kuitwa uvuvi. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa maziwa yale. Lakini tangu hapo jina Shoepack limebaki kama tusi vinywani mwa wavuvi. Samaki aliyekaa kwenye ziwa lake tangu kabla ya jimbo kuwapo, akajipimia mwili kulingana na chakula alichokikuta, anaitwa samaki mbovu kwa sababu hakufaa kwetu.

Kwetu Ukerewe wazee wetu walishuhudia jambo la jamaa na hili. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, samaki mkubwa wa kusifiwa, na furu wadogo waliokuwa wa aina mamia wakapungua, wengine wakatoweka kabisa. Silinganishi madhara, maski hakufanya hivyo Minnesota. Nalinganisha jicho. Mtu akizoea kuhesabu ukubwa peke yake, wadogo huacha kuonekana hata wakiwa mbele yake.

Ndugu yangu atasema, na amekwisha kusema, kwamba mapenzi yangu haya ni hatari kuliko yake. Hapa ndipo ananibana. Mwaka 2001 bwawa la biva, mnyama anayeziba maji kwa miti na matope, lililokuwa limeinua maji ya Shoepack lilibomoka, ziwa likapungua na maski wakapungua nalo. Ziwa dogo ni hivyo: mnyama mmoja akiacha kuziba ukuta wake, samaki wote wanatikisika. Mille Lacs inaweza kubeba boti mia na isitambue. Shoepack ikijazwa na wavuvi 20 kila wiki, hata wote wakimrudisha samaki, baadhi watakufa baadaye kwa uchovu na ndoana, na hakuna wa kujaza pengo. Anayeandika sifa za maji matulivu anawaonyesha watu njia ya kwenda kuyavuruga. Sina jibu safi kwa hilo. Nimelitaja Shoepack kwa jina kwa sababu linajulikana tayari na linalindwa na hifadhi. Viziwa vingine viwili ninavyovipenda sivitaji.

Pia si kila mtu anaweza kubeba mzigo msituni. Mzee mwenye goti bovu atapanda boti kubwa na kuvua. Na uzuri wenyewe una sura nyingi. Kule Wisconsin, Mto Fox unapoingia Green Bay, maski wakubwa wanavuliwa chini ya viwanda vya karatasi. Mto ule ulichafuliwa kwa kemikali za viwandani miongo mingi, kazi ya kuusafisha ilimalizika 2020, na maski wenyewe walianza kurudishwa pale 1989 baada ya kutoweka. Anayesimama chini ya mabomba yale na kumshika maski wa inchi 50 anatazama kitu ambacho msitu wangu hauna: samaki aliyerudi. Mahali hapo hapana utulivu wowote, na bado ningepeleka watoto wangu wakaone.

Lakini nikipima yote, samaki mmoja hanitoki kichwani. Novemba 22, 2021, kijana mmoja alivua kwenye Mille Lacs maski wa pauni 55 na aunsi 14.8, urefu wa inchi 57 na robo tatu, akavunja rekodi iliyokaa tangu 1957. Hakukusudia kumuua. Yeye na wenzake walimshikilia kwenye maji ya baridi karibu saa nzima wakijaribu kumrudishia uhai. Hakuamka. Ndipo akapimwa, na rekodi ikaandikwa. Silaumu mtu, walifanya kila kilicho sawa, na wengi wetu tungechoka mapema. Nalitaja kwa sababu linaonyesha hamu hii inapofika mwisho wake inakutana na nini. Samaki mkubwa kuliko wote Minnesota alikuwa amekwepa ndoana miaka yote hiyo, na siku aliyofahamika ndiyo siku aliyokufa. Kwa wanaowinda rekodi hiyo ni bahati mbaya inayowezekana kila Novemba. Kwenye Shoepack pia samaki hufa mikononi mwa watu, nisidanganye. Lakini sijawahi kurudi kutoka kule nikihisi kwamba siku ilikuwa inategemea mwili wake.

Ndugu yangu alisoma rasimu ya maandishi haya, akaninyooshea kidole penye hesabu. Akasema saa 125 kwake si za kungoja, ni za kutumaini, na kwamba kila mrusho kwenye Mille Lacs una uwezekano ambao kwenye ziwa langu haupo. Hilo ni kweli na sikuliandika vizuri hapo juu. Tumaini la inchi 57 linaweza kumpa mtu joto kwenye upepo ule. Mimi limenipa mara moja au mbili, kisha likaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mtumbwi wa Septemba nimeshalipia, siku nne, na safari hii ndugu yangu amekubali kukaa mbele na kupiga kasia. Mtambo wake wa kiooni anauacha nyumbani. Novemba nitampa siku mbili za Mille Lacs, na koleo nitashika mimi.