Mnachomeka, Hampandi

Ikifika tarehe 26 Julai, siku ya mikoko duniani, picha zinarudi zile zile: fulana mpya, matope hadi magotini, na mheshimiwa ameshika mche kama kashika mwenge. Nenda pale pale miezi mitatu baadaye. Utakuta vijiti vimesimama safu sawasawa, vikavu kama fito za ua. Hapo mpiga picha haonekani.

Jina ndilo lililotuponza. Tukisema "mikoko" twadhani ni ukoo mmoja. Kenya ina aina 9, na nyingi hata hazijuani. Mkomafi ni jamaa wa mwarobaini. Mlilana ni ukoo mmoja na mkomamanga na mhina. Naam, hina hiyo hiyo anayopakwa bibi harusi wa mtaa wa Langoni, Lamu, ina ndugu aliyesimama ndani ya maji ya chumvi. Kikandaa ni wa upande wa mkungu, na msikundazi una udugu na mbuyu na mbamia. Kila ukoo uliingia pwani kwa wakati wake na kwa hila yake: mkoko wenyewe, aina iliyowapa wote jina, huichuja chumvi mizizini, mchu huinywa kisha ukaitoa majani. Lamba jani la mchu wakati wa jua kali, utaionja.

Sasa miti ya namna hiyo itapandwaje yote mahali pamoja, siku moja, kwa mkono mmoja? Haipandwi. Unapandwa mkoko peke yake, kwa sababu mbegu yake huota ingali juu ya mti na kushuka ikiwa mche mrefu, tayari kuchomekwa. Mbegu za mlilana ni ndogo, zataka kutolewa tundani na kuoteshwa kitaluni panapofikwa na maji. Hiyo ni kazi, haitoi picha. Na mlilana ndio unaokaa mbele kabisa kupokea mawimbi; mkoko uko nyuma yake, halafu msinzi na mkandaa. Mchu, mkaidi, hukaa mbele na nyuma.

Halafu mahali. Huchaguliwa tope tupu la chini, kwa kuwa halina mwenyewe. Jamani, liko tupu kwa sababu! Mikoko huota kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi maji makuu ya bamvua yanapoishia. Panapofunikwa na maji zaidi ya theluthi moja ya muda, mche unakosa pumzi, viumbe vyenye magamba vinaganda shinani hadi linalala, na upepo wa kusi wa Julai unamalizia.

Haya, mkoko unafaa mahali pake, sikatai, na watoto wa shule kukanyaga tope si hasara. Basi chukueni mche ulioiva, wenye pete ya manjano shingoni. Uwekeni kivulini siku kadhaa ili kaa wasiutamani sana. Ncha chini (wapo wanaouchomeka kichwa chini, miguu juu), theluthi moja ndani ya tope, mita 1 baina ya mche na mche. Lakini kabla ya yote ulizeni kwa nini hapo mikoko haijaota yenyewe. Kama ni barabara au tuta limeziba maji, chimbueni mfereji, mbegu zitaletwa na maji bila hotuba.

Ukataji nao una elimu yake: mchu ukikatwa huchipua, mkoko ukikatwa umekufa. Jambo hili analijua mkataji wa Mkanda, kule Lamu, anayetenga mazio na boriti, miti myembamba na minene, kwa jicho tu na kuiuza kwa korja, ishirini ishirini. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na mzee huyo ndiye asiyealikwa. Akitajwa, anatajwa kama mharibifu.

Julai ijayo, kabla ya fulana kugawiwa, apewe yeye kalamu ahesabu: vijiti vya mwaka huu vimebaki vingapi?