Pembe za Ndovu Hazioti Baharini

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Shule zikifungwa alinipakia mbele, katikati yake na utingo, tukatoka Tanga alfajiri na shehena ya nazi na ng'onda: Muheza, Korogwe, Mombo, hadi Same. Kurudi tulipakia maharage na vitunguu. Mombo hatukupita bila kusimama, maana pale ndipo mapeasi yalipokuwa yakishushwa kutoka Lushoto, na mimi nilikuwa na haki yangu ya mapeasi matatu. Nilidhani natembezwa tu. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimepiga magoti ndani ya shimo na mwiko mkononi, ndipo nilipotambua kwamba kile kiti cha mbele kilikuwa darasa langu la kwanza la akiolojia.

Nayaandika haya kwa kijana anayependa safari kuliko kitu chochote, ambaye nyumbani anaambiwa kupenda kuzurura si kazi. Akiolojia ya biashara ya kale ni fani inayomhitaji mtu kama huyo. Na hapa kwetu Tanga inamhitaji zaidi, kwa sababu habari ya biashara hiyo tumezoea kuisimulia kama watu waliosimama ufukweni wakitazama maji. Kaskazi inavuma, majahazi yanafika kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi inavuma, yanaondoka. Sisi katika hadithi hiyo kazi yetu ni kupokea.

Tuanze na Tongoni, maana iko jirani. Ni kama kilomita 20 kusini mwa jiji, kando ya barabara ya Pangani, na abiria wanapita kila siku bila kugeuza shingo. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya karne ya 14 na ya 15. Baadhi yalijengwa na nguzo ndefu za mawe, ambazo nyingi sasa zimelala chini. Tazama nguzo hizo kwa makini utaona vishimo vya mviringo. Humo yalipachikwa mabakuli na sahani za kaure kutoka China. Kwa sehemu kubwa kilichobaki ni matundu. Mara ya kwanza nilipoingiza vidole kwenye tundu mojawapo nilishikwa na huzuni ambayo sikuitarajia, kama mtu anayegusa ufizi palipong'olewa jino.

Mji huo uliitwa Mtangata. Mwezi wa Aprili 1498, São Rafael, meli mojawapo katika msafara wa Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya karibu na hapo. Shajara ya safari hiyo inasema mitumbwi miwili iliwafuata, mmoja ukiwa na machungwa, na Wareno wenyewe wakakiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi hata waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakaichoma moto São Rafael palepale. Siku walizokuwa hapo wenyeji waliwaletea kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili.

Lakini ndani ya shajara hiyo kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko machungwa na kuku. Wakiwa wamekwama, waliinua macho wakaona nyuma ya pwani safu ya milima mirefu, wakaisifu kwa uzuri, wakaipa jina la meli yao. Milima hiyo ndiyo Usambara. Mgeni aliyekwama kwenye fungu aliiona milima. Sisi wenyeji ndio tunaosimulia Mtangata kana kwamba nchi inaishia kwenye ukuta wa msikiti.

Rudi nyuma zaidi. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikubaki, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari za bahari hizi. Soko la mwisho alilolitaja katika mwambao wetu ni Rhapta, jina lililotokana na mashua za huko zilizoshonwa kwa kamba, ndugu wa mtepe wetu. Wataalamu wameitafuta Rhapta Pangani, Dar es Salaam na kwenye delta ya Rufiji, na ubishi haujaisha. Wageni waliotoka Muza, Yemen, walikuja na mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Walibeba pia mvinyo kidogo na ngano, si vya kuuza, bali vya kuwapendeza wenyeji. Wengine walioa huku na lugha wakaijua. Walichoondoka nacho kilikuwa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa.

Kasa yumo baharini, sawa. Pembe za ndovu, je? Pembe hazioti baharini. Yuko aliyewinda. Yuko aliyebeba begani siku nyingi, na aliyejua maji yanapatikana wapi wakati wa kiangazi. Yuko mzee aliyekubali msafara upite kwake, kwa bei fulani. Hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa katika mwongozo ule, kwa sababu mwandishi aliiona nchi kutoka majini. Hawa ndio ninaowatafuta, na hawatafutiki ukiwa umekaa.

Wameanza kupatikana. Katika bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Usambara na Upare, kwenye makazi ya miaka elfu moja na zaidi iliyopita, watafiti wamefukua shanga za kioo na makombe ya baharini, mahali ambapo msafiri wa miguu alikuwa ameiacha bahari siku kadhaa nyuma. Vyungu navyo vinasema. Kuna mtindo wa nakshi za pembetatu, wa karne ya 6 hadi ya 10, unaopatikana visiwani, pwani na bara vilevile. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha katika tasnifu yake ya 1994 jinsi watu wa vyungu hivyo walivyoendeleza kazi ya wakulima na wafua chuma waliowatangulia, na kwamba miji ya Waswahili ilichipua katika shina hilo. Nilipoisoma hoja hiyo niliikumbuka njia ya baba: nazi na ng'onda kupanda, maharage na vitunguu kushuka. Bidhaa zimebadilika. Bonde ni lilelile.

Mjomba wangu aliposikia nimechagua kusomea haya aliniita barazani. "Mwanangu, wenzako wanasomea kuajiriwa, wewe unasomea makaburi?" Nilimjibu kwa adabu, lakini sikuwa na jibu zuri siku ile. Leo ninalo. Mjomba, makaburi ni sehemu ndogo. Siku nyingi ni kutembea: mnajipanga mstari, kila mtu hatua kumi kutoka kwa mwenzake, mnavuka mashamba ya mkonge na ya mahindi mkitazama chini, mkiuliza wazee wenye mashamba majembe yao yamefukua nini. Unajifunza kumsikiliza mtu ambaye hakusoma akikuonyesha njia ambayo bibi yake aliipita kwenda kununua chumvi. Shimo huchimbwa baadaye, pole pole, tabaka kwa tabaka, na udongo wote hupita kwenye chekeche. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha fani hii tangu miaka ya 1980, na wahitimu wake wako kwenye makumbusho, kwenye idara za serikali na kwenye miradi ya barabara na mabomba, ambako ardhi hukaguliwa kabla ya greda kupita.

Jambo moja nawasihi wasafiri wenzangu. Ukiona kigae cha kaure ufukweni Tongoni, au ukienda Kaole karibu na Bagamoyo ukaona shanga mchangani baada ya mvua, kiache. Najua mkono unavyowasha. Kigae kikiwa mahali pake, kina cha udongo na majirani zake vitatuambia kilifika lini na pamoja na nini. Kikiwa kwenye droo yako ni pambo tu. Matundu yale ya Tongoni yalianza na mtu aliyependa sana kitu akakichukua. Piga picha, mwambie mlinzi wa magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iko kwa ajili hiyo, na kuchimba bila kibali ni kosa.

Kama hujawahi kufika Tongoni, nenda asubuhi ambapo hakuna mawingu. Ukimaliza makaburini, waombe wavuvi wakutoe kidogo kwa ngalawa, maji yakiwa yamejaa. Mkifika mbali na mikoko, geuka uipe bahari mgongo. Utaiona milima, na kutoka huko, bondeni, ndiko njia inakotokea.