Kidonge Kile Kile, Matokeo Tofauti: Wazazi na Dawa za ADHD

Mzazi anayeanza kumpa mwanawe dawa za ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kushika jambo moja na kujizuia, huwa na habari mbili za kusimulia, na mara nyingi zote zinamhusu mtoto yule yule. Ya kwanza ni ya wiki ya mwanzo: mtoto amekaa kitini mpaka hesabu zikaisha, amengoja zamu yake, na mwalimu aliyezoea kutuma malalamiko safari hii ametuma pongezi. Ya pili huja baadaye kidogo: chakula cha mchana kimerudi nyumbani kama kilivyoondoka, usingizi hauji hadi saa tano usiku, na yule mtoto wa vichekesho amezubaa, hata kucheka hacheki. Aliyesikia habari ya kwanza tu hashangai mtu kumpa mwanawe dawa. Aliyesikia ya pili tu anaona ni ukatili.

Tuanze na dawa yenyewe, maana ugomvi mwingi unatokana na kutoijua kazi yake. Inayotumika zaidi kwa watoto ni methilfenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Huongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini katika ubongo, kemikali zinazomsaidia mtu kushika jambo moja na kujizuia. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kisha basi. Hakijengi akiba. Ndiyo maana mzazi anaweza kuambiwa na mwalimu kwamba mtoto ni mwingine kabisa, huku yeye jioni akipokea mtoto mwenye hasira na machozi ya karibu, kwa kuwa dawa imeisha nguvu njiani. Mama analaumiwa kuwa hajui kulea, na kumbe saa za utulivu zote zimekwisha shuleni.

Sasa kuna utafiti mmoja ambao kila upande huupenda, na kila upande huusoma nusu. Unaitwa MTA. Ulifanyika Marekani na Kanada, na matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1999. Watoto 579 wenye umri wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa makundi manne: dawa zinazosimamiwa kwa karibu, mafunzo mazito ya tabia kwa mtoto, wazazi na walimu, vyote viwili pamoja, na kundi la nne lililoachwa liendelee na matibabu ya kawaida ya mtaani kwao. Baada ya miezi 14, dalili za ADHD zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliopewa dawa kwa usimamizi na waliopata vyote viwili. Watetezi wa dawa huishia hapo.

Wapinzani hufungua ukurasa wa miaka mitatu. Kufikia hapo makundi yote manne yalikuwa yamelingana. Faida ya kuanza na dawa haikuonekana tena. Na watoto hao walipofuatiliwa hadi utu uzima, waliotumia dawa kwa miaka mingi, mfululizo au kwa kuachaacha, walikuwa wafupi kwa wastani wa takriban sentimita 2.5 kuliko walioitumia kidogo sana au wasioitumia kabisa. Sentimita mbili au tatu si ulemavu, lakini mzazi ana haki ya kuambiwa kabla, asije akagundua mwenyewe kwa alama za penseli ukutani.

Ninachokiona mimi kuwa kikubwa zaidi kiko katikati, katika lile kundi la nne. Takriban theluthi mbili ya watoto wale wa matibabu ya kawaida walikuwa nao wanameza dawa za ADHD. Bado hawakupata nafuu kama wenzao wa kundi la dawa. Kilichotofautiana ni usimamizi. Watoto wa kundi la dawa walianza kwa kupimiwa dozi siku kwa siku hadi ipatikane iliyomfaa mtoto, wakaonwa kila mwezi, na mwalimu akaulizwa. Wale wa matibabu ya kawaida walionana na daktari mara chache tu kwa mwaka, na dozi zao zilikuwa ndogo. Tena, watoto waliopata mafunzo pamoja na dawa walihitaji dozi ndogo kuliko waliopata dawa peke yake, na wazazi walioridhika zaidi walikuwa wale ambao matibabu yao yalikuwa na mafunzo ndani yake. Mzazi anataka mtoto atulie, lakini anataka pia naye afundishwe la kufanya saa kumi na mbili jioni.

Ukiuchukua ukweli huo ukauleta kwetu, hoja za pande zote mbili hubadilika uzito. Mwaka 2019, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza methilfenideti katika orodha yake ya dawa muhimu. Sababu zilikuwa ubora mdogo wa ushahidi, hasa wa matumizi ya muda mrefu, na mashaka kama nchi zenye uhaba zina uwezo wa kupima na kufuatilia. Hoja hiyo ina nguvu. Daktari wa akili wa watoto akiwa mji mwingine, na nauli ya kwenda ni ya kukopa, miezi sita hupita bila mtoto kupandishwa kwenye mizani. Na akiwa shule ya bweni, kidonge cha mchana atampa nani?

Lakini wanaosema "tusimpe dawa, tumpe malezi" huzungumza kana kwamba malezi hayo yanamngoja mlangoni. Katika darasa la watoto 70, asiyeweza kutulia hapati mtaalamu wa tabia. Anapata fimbo, anasimamishwa nje, anaitwa mtukutu hadi aamini ndivyo alivyo. Nyumbani kuna anayesema ni jini, na anayesema baba yake alikuwa hivyo hivyo akakua. Mama aliyeamua kujaribu dawa baada ya miaka mitatu ya hayo hajakimbia ulezi, na inaniuma kusikia akiitwa mvivu.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita nipo upande wa wanaosubiri. Hata miongozo ya nje huanza na mafunzo ya wazazi: ya Marekani kwa walio chini ya miaka sita, ya Uingereza kwa walio chini ya miaka mitano. Kwa mkubwa zaidi anayeumia kweli shuleni na nyumbani, naunga mkono dawa ijaribiwe, kwa sharti kwamba ionekane kuwa ni jaribio. Uzito na kimo viandikwe kabla ya kidonge cha kwanza, pamoja na mapigo ya moyo na presha. Uji wa karanga na yai viliwe asubuhi kabla ya dawa, na sahani nyingine ingoje usiku hamu inaporudi. Akizubaa, daktari aambiwe wiki ile ile, kwa sababu mara nyingi hiyo ni dalili ya dozi kuzidi. Likizo ndefu ikifika, mzazi na daktari wanaweza kukubaliana aiache kwa muda, waone kilichobaki. Na mtoto mwenyewe aulizwe, bila mwalimu kuwapo, anavyojisikia kidonge kikiwa kinafanya kazi na kikiwa kimeisha.