Beni ya Tanga: kasumba au upinzani?

Jumamosi iliyopita matarumbeta yalipita Ngamiani yakimsindikiza bibi harusi. Mbele alitangulia kijana mwenye kofia ya kijeshi iliyomzidi kichwa, anazungusha fimbo na kupiga saluti kila kona. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilibaki nikiitazama saluti ile, kwa sababu ndiyo inayobishaniwa na wapenzi wa historia ya pwani hadi leo.

Ngoma ya beni, yenye kuiga bendi na gwaride za kijeshi, ilizaliwa katika miji yetu ya pwani miaka ya 1890. Hapa Tanga Wajerumani walifungua shule ya serikali yenye bendi ya matarumbeta, na muziki ule haukuchelewa kufika mitaani. Vikaja vyama viwili hasimu, Marini na Arinoti, vyenye sare na vyeo: Kingi, admirali, jenerali. Nje ya ngoma watu haohao walikuwa makarani, maboi, wapagazi na askari. Kosa dogo tu liliweza kuwaletea hamsa ishirini, viboko 25 vya serikali.

Kuna wanaosema hiyo ilikuwa kasumba. Mtu kachapwa asubuhi kwa amri ya ofisa, jioni anajivika cheo cha ofisa yule na kutamba nacho. Fedha na nguvu zikaishia kwenye kumshinda Arinoti kwa sare, karamu na mafumbo, huku mtawala akitazama kutoka barazani. Tena Marini walijiona waungwana wa mji, wakawadharau wenzao wa bara. Hilo linaniuma, maana dharau ya mkoloni ilikuwa imeshahamia ndani ya ngoma yenyewe.

Wengine hujibu kwamba saluti ile ilikuwa dhihaka: mtu mweusi anajiita jenerali katika jeshi linaloongozwa na wazungu. Naipenda hoja hii, lakini hainitoshi. Mtu hatumii mshahara wake wa miezi kushona sare kwa ajili ya kumcheka mtu tu.

Kwangu mimi uzito uko kwenye chama. Beni ilikuwa na viongozi, michango na matawi. Mwanachama aliyehamia mji wa mbali alipata wenyeji, aliyefiwa alichangiwa, na habari zilisafiri bila kupitia bomani. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipowatawanya askari na wapagazi, beni ikaenda nao hadi Nyasaland, Malawi ya leo, na Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo. Huko Rhodesia Kaskazini, mwaka 1935, wachimba shaba waligoma kupinga kodi, na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya. Tume ya uchunguzi ilipokaa, moja ya mambo iliyoyachunguza ni chama cha ngoma cha Mbeni, yaani beni ya huko. Serikali ilikuwa imeanza kuelewa kwamba watu waliozoea kuitana kwenye ngoma wanaweza kuitana kwenye mgomo.

Dar es Salaam ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba, alipotafuta wanawake wa kuingia TANU, alianzia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Hakuhitaji kuwafundisha kukutana wala kuchangishana. Walishayafanya hayo kwa miaka.

Nakubali kwamba chama hakimpingi mtu kwa kuwapo tu. Marini na Arinoti walishindana miaka mingi bila kuigusa serikali, na laiti kodi na risasi zisingekuja, pengine Mbeni nayo ingebaki ngoma ya Jumapili. Lakini hasira isiyo na chama huishia kibarazani.

Siku hizi wanaowarekodi wazee wa Tanga huwaomba waimbe. Vizuri, waimbe. Wawaulize pia nani alishika daftari, mchango ulikuwa kiasi gani, na mgeni aliyeshuka kwenye treni akiwa hana ndugu mjini alipelekwa nyumba ya nani.