Rangi ya Ziwa

Nianze kwa kukiri: ile rangi niliichagua mimi. Mwenyekiti ananitaka nilitamke hivyo kila ninapoisimulia safari hii, nami nimechoka kubishana naye.

Tulikuwa tisa, waendesha baiskeli wa Jumapili hapa Tabora mjini. Watu wa kunyonga mpaka Kwihara, kulitazama tembe la Livingstone kwa mara ya hamsini, kunywa soda na kurudi kabla jua halijakasirika. Siku moja mtu akaropoka: twende Kigoma. Kwa reli ni kilomita 411. Kwa barabara sisi tulipima kwa makalio, na kila kalio lilitoa jibu lake. Kamati zikaundwa: ya chakula, ya pancha, na ya jezi. Ya jezi ilikuwa mimi peke yangu.

"Tunakwenda ziwani," niliwaambia kikaoni, nimesimama wima kama mgombea udiwani. "Basi tuvae rangi ya ziwa!"

Walipiga makofi, naomba hilo likumbukwe. Jezi ya buluu iliyokolea, na chini taiti nyeusi yenye sponji, shilingi 45,000 vyote viwili. Wanane wakalipa. Wa tisa, ambaye nitamwita Bahili kwa kuwa ndilo jina tulilompa siku hiyohiyo, alisema anayo mashati yake ya rangi ya maziwa, ameyavaa miaka kumi na hayajawahi kulalamika. Nilimcheka sana. Nilimwambia ataonekana kama mpishi wetu.

Siku ya kwanza, mpaka Urambo, sina la kusimulia isipokuwa sponji. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza maembe alitutazama tuliposhuka kwenye baiskeli, akatutazama tena kwa nyuma, kisha akamvuta pembeni Dada Nesi, mwanamke pekee kundini. Akamuuliza kwa huruma kama hao wanaume wote ni wagonjwa, au wamekula kitu kimoja.

Jioni Katibu, ambaye ni mwalimu wa historia na hawezi kujizuia, akatukumbusha kwamba hapo ndipo kwenye himaya ya Mirambo, na kwamba mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, hata Stanley akalazimika kuzungukia kusini kwenda kumtafuta Livingstone. "Leo njia iko wazi," akasema, "hakuna wa kutuzuia." Laiti tungemfunga mdomo kabla hajayasema maneno hayo.

Ukishaiacha Kaliua, miyombo inakukumbatia pande zote mbili, na ndani ya miyombo kuna mbung'o. Wenyeji tunamjua, ila tunamjua kutoka dirishani mwa basi. Kumjua ukiwa juu ya baiskeli ni elimu nyingine. Mbu anaomba, mbung'o anadai. Anatua kimya, anakunja mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi, kisha anachoma, na jezi kwake ni kama haipo. Unampiga kofi la kumwangusha mtu mzima, anaanguka, anajikung'uta, anarudi palepale kumalizia.

Tulijaribu kukimbia. Kosa. Mbung'o anapenda kitu kinachotembea, na kadiri tulivyokanyaga ndivyo walivyofurahia mbio. Nyuma ya kila mgongo wa buluu kulikuwa na msafara. Na hapo katikati yetu alikuwa Bahili, shati la maziwa likipepea, anapiga mluzi.

Ndipo nikaviona vile vitambaa. Vimetundikwa mitini kando ya barabara, kimoja hapa, kingine mbele kidogo: kipande cha buluu, kipande cha nyeusi. Nikavitazama. Nikaitazama jezi yangu, nikaitazama taiti. Jasho lililonitoka halikuwa la jua.

Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza kilomita nzima nane, naongeza mwendo kila tulipokipita kitambaa na kuwaonyesha wenzangu ndege upande wa pili. "Oneni kwembe yule!" Hapakuwa na kwembe.

Kilichonifichua ni Mwenyekiti. Mbung'o alimwingia mahali ambapo sponji inaishia. Mwenyekiti akaachia usukani kwa mikono yote miwili, akajipiga kofi lililosikika mpaka mstari wa nyuma, akaenda kulia, akaenda kushoto, na akalala barabarani. Fundi akampanda. Katibu akampanda Fundi. Tulipomaliza kuanguka tulikuwa watano kwenye lundo moja, magurudumu yakizunguka hewani, mnyororo wa mtu umeshika taiti ya mwingine, na mbung'o wametua juu yetu kama wageni waliokaribishwa. Yule wa Mwenyekiti alikuwa bado yupo.

Mzee mmoja akatokea, anasukuma baiskeli yenye madumu mawili ya asali kwenye keria. Tukamwamkia kutoka chini tulikokuwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Poleni." Akatuzunguka taratibu, akitukagua. "Samahani, ninyi ni wa serikali? Wa mradi wa mbung'o?"

"Hapana, mzee. Tunatembea tu. Kwa nini?"

Akanyoosha kidole mtini. "Vile vitambaa ni mitego. Mbung'o anaipenda sana hiyo buluu, anaifuata kutoka mbali. Nyeusi ndiyo anayopenda kutua. Sasa kitambaa kimetiwa dawa, akigusa anakufa." Akaishika jezi ya Katibu kwa vidole viwili. "Ninyi mmeshona mtego vizuri kabisa. Dawa tu ndiyo mmesahau."

Vichwa saba viligeuka kunitazama. Cha Bahili kiligeuka mwisho, polepole, kwa raha.

"Kamati ya jezi," Mwenyekiti akasema.

Nilijaribu kusema kwamba muuzaji hakunieleza. Nilijaribu kusema kwamba walipiga makofi. Dada Nesi alinikatiza kwa kuniuliza kwa nini nilikuwa nawaonyesha ndege.

Bahili akafungua begi lake. Alikuwa na mashati mengine matatu, yamepigwa pasi. "Kila moja 45,000," akasema. Mwenyekiti, Katibu na Fundi walilipa bila kuomba kupunguziwa, na mpaka leo sijaona watu watatu wakilipa deni la mtu mwingine kwa macho makali namna ile. Dada Nesi alikuwa na kanga zake mbili begini. Sisi wanne tuliobaki tulijificha ndani ya matambara ya kufutia baiskeli mpaka kijiji kilichofuata, tukanunua kanga dukani, pea nzima kila mtu: moja mabegani, moja kiunoni kuficha taiti. Yangu alinichagulia Mwenyekiti mwenyewe. Alipekua rafu nzima akisoma maandishi, akarudi nayo akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kaliua. *Mchimba kisima huingia mwenyewe.*

Usiku huo Mtunza Hazina alisinzia katikati ya ugali, tonge mkononi. Mtu akanong'ona, "Malale!" Ule ugonjwa wa usingizi anaoueneza mbung'o. Sahani zikasukumwa. Katibu akaanza kuuliza nani ana namba ya mke wake. Dada Nesi hakuacha hata kutafuna: malale hayaji hivyo, mchana ukaumwa na mbung'o jioni ukalala, yanachukua siku nyingi na huanza na homa, na si kila mbung'o anayo. "Huyu amechoka, mtoeni tonge mkononi. Lakini atakayepata homa wiki zijazo aende hospitali, na aseme aliumwa na mbung'o wapi. Asikae nyumbani kumeza panadoli." Tukamtoa tonge. Bahili akalila.

Daraja la Kikwete pale Malagarasi lina urefu wa mita 275. Najua kwa sababu kulikuwa na upepo na hakukuwa na mbung'o, tukakaa hapo mpaka dereva wa lori akatuuliza kama tunataka kujirusha. Uvinza tuliipita usiku usiku, hata chumvi yake sikuionja.

Kigoma tuliingia siku ya tano kupitia Mwanga, watu watano wenye kanga zinazopepea na wanne wenye mashati ya maziwa. Watoto walitukimbilia. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa akauliza harusi ni ya nani. Kisha barabara ikateremka na Tanganyika ikatokea yote, na nilisimama kidogo, kwa sababu ilikuwa buluu ileile. Ileile kabisa! Nilitaka kusema. Nikamtazama Mwenyekiti, nikaacha.

Tulirudi kwa treni, baiskeli kwenye behewa la mizigo, sisi tumekaa upande upande. Nilikuwa nimeifua jezi nikaianika dirishani ikauke. Mbele yangu alikaa mfugaji, Msukuma wa makamo anayeteremka Kaliua, ambaye kwa muda mrefu aliitazama jezi kuliko alivyonitazama mimi.

"Kaka, hiyo unaiuza?"

Nikamwambia anaweza kuichukua kwa 10,000. Akaivuta, akaipima kwa mikono, akaiinua kwenye mwanga. Akasema ataichovya kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuitundika karibu na zizi. Tukapatana 3,000. Mwenyekiti, aliyekuwa amejifanya amelala, akafumbua jicho moja.

"Mko wangapi wenye hizi?" mfugaji akauliza.

"Wanane."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kuhesabu noti. Halafu akainama, akaongea chini chini kama mtu anayeulizia kitu cha siri:

"Na ile suruali nyeusi ya kubana, nayo ipo?"