Magendo ni bilioni ngapi? Nani alihesabu?

Kila taarifa ya habari ikitaja magendo lazima itaje mabilioni, na mimi kila mara najiuliza huyo mwenye kuhesabu alikaa wapi na daftari yake. Niko Kisumu, nina duka dogo karibu na Kibuye, Busia, mpakani na Uganda, naenda mara mbili tatu kwa mwezi, so hii mambo naiongelea nikiwa ndani.

Simama Busia asubuhi. Utaona baiskeli za magurudumu matatu za walemavu zikivuka, mwenyewe amekaa, katoni ziko miguuni, zingine nyuma, na kijana anasukuma. Hata hili neno boda boda lilizaliwa hapo, baiskeli zikipeleka watu na mizigo kutoka boda moja hadi ingine. Kituo cha pamoja cha mpakani, cha Kenya na Uganda, kilifunguliwa rasmi 2018, Uhuru na Museveni wote wakaja, na njia za panya bado ziko, watu wanapitia kwa mashamba na nyuma ya manyumba kama kawaida.

Waganda angalau wamejaribu kuhesabu. Benki kuu yao na watu wa takwimu huweka makarani mpakani waandike kinachopita kwa kichwa, kwa baiskeli, kwa mkokoteni. Nawapa heshima. Lakini karani anaandika anachoona, sasa trela ikija na karatasi safi zinasema imebeba kitu kingine kabisa ataandika nini?

Halafu magendo yenyewe ni nini? Ijumaa 5 Machi 2021 serikali yetu ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania, ati sumu ya aflatoxin. Sawa, sumu ni sumu. Lakini mahindi yaliyokuwa bidhaa halali Alhamisi yakawa magendo Ijumaa, mkulima ni yule yule, gunia ni lile lile, na siku chache baadaye marufuku ikatolewa kukawekwa masharti. Hebu niambie hiyo wiki magendo ya Kenya yalipanda kwa kiasi gani.

Na waulize wazee wa Bungoma kuhusu Chepkube, lile soko la kahawa ya magendo mpakani. Mwaka wa 1975 baridi ilichoma mibuni kule Brazil, bei ya kahawa ikapaa dunia nzima, na Uganda ya Amin mkulima analipwa pesa haina maana, basi kahawa ikavuka kuja kwetu, 1976, 1977, kwa punda, kwa malori, kwa migongo ya watu. Kwa Uganda ilikuwa wizi, kwa Kenya ilikuwa neema. Ikishafika upande huu ilisafirishwa nje kama kahawa ingine yoyote na dola zikaingia. Sikumbuki kusikia mtu huku akiiita hasara.

Ndio maana sishtuki na hizo bilioni. Kinachoniuma ni kuweka mama wa mayai na bwana wa sukari kapu moja. Mwaka jana niliuziwa gunia la kilo 50, jina la kiwanda cha hapa hapa, kufungua naona mshono umepita juu ya matundu ya mshono wa kwanza, uzi mpya mweupe, gunia limekunjwa kunjwa kama la kutumika. Sukari yenyewe haikuwa na ile rangi ya kwetu. Bei? Ile ile ya kawaida, hata shilingi tano sikupunguziwa! Kwa hivyo ushuru haukulipwa, mimi sikufaidika, na mkulima wa miwa Muhoroni bado anangoja pesa yake. Hiyo faida yote ilibaki na mtu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga njia ya panya maisha yake.

Juzi nikirudi matatu yetu ilisimamishwa kabla ya Ugunja. Mama mmoja alikuwa na trei sita za mayai, akaambiwa ashuke nazo, aonyeshe risiti. Lori iliyokuwa nyuma yetu, turubai imefungwa kabisa, ilipungiwa mkono ikapita. Tulingoja karibu dakika ishirini, dereva analalamika, mama akarudi kwa kiti amenyamaza. Trei zilikuwa tano.